Piano ya Nakuru Haikuwa na Kitufe

Bramwel alikuwa fundi wa rangi kwa siku sita za juma na mpiga kinanda kwa siku moja. Aliingia Nairobi kutoka Vihiga akiwa na miaka ishirini na miwili, akapanga chumba Kangemi nyuma ya soko, na sasa alikuwa na thelathini na mitano. Nyumba alizopaka rangi zilikuwa Lavington, Kileleshwa na Loresho, mitaa ya wenye nacho. Zile alizoalikwa kuingia baada ya rangi kukauka hazikufika mbili.

Kinanda alijifunza kanisani, hapo hapo Kangemi, kwa kumtazama mtu aliyekipiga kabla yake. Hakuna aliyemfundisha kusoma nota. Alionyeshwa do iko wapi, re iko wapi, na vidole vikazoea. Do yake ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye kibao cheupe karibu na katikati, na kutoka hapo alitembea juu ya vibao vyeupe peke yake. Vile vyeusi alivipita kama mtu anavyopita milango ya majirani.

Waimbaji hawaanzi nyimbo mahali pamoja. Mama mmoja husimama na kuanzisha pambio pale koo lake lilipoamkia siku hiyo, na ni kazi ya mpiga kinanda kumfuata. Kwa ajili hiyo kinanda cha umeme kina kitufe kidogo pembeni. Ukikibonyeza mara moja, kinanda chote hupanda hatua moja. Ukikibonyeza mara tatu, kinapanda hatua tatu. Vidole vinabaki palepale kwenye vibao vyeupe, lakini sauti inatokea juu zaidi. Wapiga vinanda wengi aliowajua Bramwel walipiga hivyo, na hakuwahi kuona kuwa ni siri.

Mwezi wa Februari Mwalimu Debra alikuja katika kanisa hilo kwa arusi ya binamu yake, akamsikia Bramwel, akamwomba aisaidie kwaya ya shule yake. Shule yenyewe ilikuwa Shule ya Upili ya Kabuthi, shule ya kutwa iliyoko mtaa wa Satellite. Debra alikuwa mwalimu wa Biolojia. Alikabidhiwa kwaya kwa sababu aliimba alto kanisani kwao Dagoretti, na kwa sababu mwalimu wa muziki alikuwa amehamishwa na hakuletwa mwingine. Aliijua vizuri do re mi na sikio lake lilikuwa zuri, ila hakujua kupiga chombo chochote.

Kila Jumanne na Alhamisi saa kumi Bramwel alifunga kinanda cha kanisa kwa shuka, akapanda nacho bodaboda mpaka Satellite. Wimbo wa lazima wa mwaka huo, yaani ule ambao kila shule ilitakiwa kuuimba katika tamasha la kwaya, uliandikwa do yake ikiwa kwenye kibao cheusi, hatua tatu juu ya ile do aliyoizoea. Siku ya kwanza alibonyeza kitufe mara tatu. Kwaya ikaimba, Debra akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mambo yakaendelea hivyo hadi Julai.

Walishinda katika mashindano ya mtaa, kisha wakashinda ya Nairobi nzima, kote wakitumia kinanda chao wenyewe. Kabuthi haikuwahi kufika hapo. Fainali ya tamasha hilo la kwaya za shule za kutwa ilipangwa kufanyika Nakuru. Mwalimu mkuu, Bwana Wahome, akamwita Bramwel ofisini na kumwambia kwamba shule ilikuwa na nafasi ya msaidizi wa muziki, kazi ya kuajiriwa kabisa, na kwamba kwaya ikirudi na heshima yake, nafasi hiyo ni yake muhula ujao.

Mkewe Awiti, aliyesuka nywele Kenyatta Market, alipokea habari hizo akiwa na kichwa cha mteja mapajani.

"Mwalimu wa shule," alisema. "Kuanzia leo ukinijia hapa na ovaroli nitasema sikujui."

"Bado hawajaniandika."

"Mimi nimeshawaambia wateja. Hata huyu amesikia. Si umesikia, mama?"

Mteja alisema amesikia.

Asubuhi ya safari, Bramwel alifika getini mwa shule saa kumi na mbili akiwa amekumbatia kinanda. Basi la shule lilikuwa linanguruma na wanafunzi thelathini na wawili walikuwa wanagombania viti vya nyuma. Debra alimjia akiwa na faili mkononi.

"Mwalimu Bramwel, hiyo mzigo rudisha ofisini. Jana jioni nimepata barua. Wimbo wa lazima kila shule itatumia piano ya ukumbi."

"Piano gani?"

"Ile ya mbao, ya kweli. Mwaka huu hatubebi kitu."

"Iko na..." alianza Bramwel.

"Iko na nini?"

"Nauliza kama iko hali nzuri."

"Haiwezi kushindwa na hii yako ya kufungwa na shuka kama mgonjwa," Debra alisema, akageuka kuhesabu watoto.

Bramwel alikuwa na nafasi ya kusema hapo. Alikuwa ameshafungua mdomo wakati Bwana Wahome alipopanda ngazi ya basi na kuwaombea safari njema. Katika maombi hayo aliwataja wanafunzi, mwalimu wao, dereva, "na mwenzetu Bramwel, ambaye Mungu akipenda muhula ujao atakuwa mmoja wetu." Wanafunzi walipiga makofi. Bramwel alikipeleka kinanda ofisini, akarudi, akaketi kiti cha tatu nyuma ya dereva.

Njiani alifumba macho na kujaribu kuona vibao vya piano. Aliweka mikono juu ya magoti akaanza kuhesabu kutoka kibao cheusi. Alipofika fa alipotea. Alianza upya mara nyingi, na kila mara alipotea palepale.

"Mwalimu," aliita Zachariah wa kidato cha nne, mvulana mrefu aliyeongoza sauti za besi, "hayo magoti yanatoa sauti gani?"

"Nafanya mazoezi."

"Basi piga kwa nguvu, huku nyuma hatusikii."

Walifika Nakuru saa nne na nusu. Zamu yao ya mazoezi ukumbini ilikuwa saa nane mchana, nusu saa peke yake. Piano ilikuwa upande wa kushoto wa jukwaa, ya rangi ya kahawia, imefunikwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Mtunzaji wa ukumbi, mzee mmoja aliyeitwa Muema, alikiondoa kitambaa na kukikunja mara nne kabla ya kumruhusu mtu yeyote kusogea.

Bramwel aliketi. Alitazama pembeni kwa mazoea, mahali ambapo kitufe kingekuwa, akaona mbao. Kwaya ilikuwa imejipanga, Debra alikuwa ameinua mikono. Bramwel akafanya kitu pekee alichokijua. Alianza kwenye do yake ya kanisani, juu ya vibao vyeupe, na wimbo ukatoka laini kama siku zote, ila ukatoka chini kwa hatua tatu nzima.

Kwaya iliufuata huko chini. Sauti za juu ziliweza, ingawa kwa uvivu. Besi walifika mstari wa pili wakazama. Zachariah alionekana akifungua mdomo, na hakuna kitu kilichotoka.

Debra alisimamisha wimbo.

"Mwalimu, leo tumeingia kwa shimo," alisema Stacy, msichana wa sauti ya kwanza.

"Nimesikia. Tena."

Walirudia, na besi wakazama palepale. Debra akaisogelea piano, akabonyeza vibao vitatu bila mpango, akasikiliza.

"Hii piano iko chini," alisema.

"Mwalimu, hiyo piano ilikazwa nyuzi wiki iliyopita," alisema Muema. "Mtu alitoka Nairobi na begi la vyuma, akakaa hapa siku nzima."

"Basi alikaza vibaya. Hawa watoto wameimba huu wimbo tangu Februari. Wanajua do yao iko wapi."

"Shule tano zimepita hapa tangu asubuhi. Hakuna hata moja imelalamika."

"Labda hawana masikio."

"Masikio walikuwa nayo," alisema Muema. "Niliyaona."

Wanafunzi walicheka, jambo lililomkera Debra zaidi. Alichomoa karatasi kwenye faili, akaiweka juu ya piano na kuanza kuwaandikia waandalizi malalamiko. Alisoma kwa sauti huku akiandika: kwamba chombo walichopewa kina kasoro, kwamba aliyekabidhiwa kukitunza hakukitunza ipasavyo, na kwamba Kabuthi inaomba kuruhusiwa kuimba bila piano.

Muema alisimama na kile kitambaa kilichokunjwa kifuani. "Ukipeleka hiyo barua mimi ndio nitaitwa," alisema polepole. "Hii piano nimeipangusa vumbi miaka kumi na moja."

Bramwel aliona wazi kwamba barua hiyo ingemwokoa. Kwaya ingeimba bila piano, na waliizoea do yao vya kutosha. Wangeweza hata kushinda, na muhula ujao angeitwa kuajiriwa. Kilichotakiwa kwake ni kukaa kimya dakika mbili zaidi. Alimtazama Debra akitia sahihi.

"Mwalimu, usipeleke," alisema.

"Kwa nini?"

"Piano iko sawa. Mimi ndio niko chini."

Alieleza. Haikumchukua muda mrefu, maana hakukuwa na mengi: kitufe, mara tatu, vibao vyeupe. Alisema hawezi kupiga wimbo huo kutoka kibao cheusi, hata kwa mkono mmoja.

"Tangu Februari?" Debra aliuliza.

"Tangu nijue kinanda."

"Na asubuhi pale getini ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaingia basi."

"Niliingia."

Debra aliikunja karatasi, akairudisha kwenye faili. Uso wake haukuonyesha hasira. Ulionekana kama uso wa mtu aliyepanga sahani na kukuta chakula kimeungua. Stacy ndiye aliyeuliza.

"Kwani ile kifungo ndio imekuwa ikitupigia?"

"Wewe, nyamaza," Debra alimwambia. Kisha akamgeukia Bramwel. "Bila piano hawataturuhusu, na sasa sina sababu ya kuwaomba. Kesho saa nne tunaingia. Hayo mengine utamwambia mwalimu mkuu mwenyewe, mimi simo. Nataka kujua kitu kimoja tu. Unaweza au huwezi?"

"Vile nimezoea, siwezi. Lakini nikiona do iko wapi, na sol, na zingine, naweza pole pole. Vidole viwili vitatu."

"Utazionaje?"

Bramwel aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti na kutoa utepe wa karatasi, ule ambao mafundi wa rangi hubandika ukingoni mwa dirisha ili rangi isiguse kioo. Ulikuwa humo kwa sababu haukutoka humo kamwe.

"Hapo kwa vibao hakuna mtu amewahi kubandika kitu," alisema Muema.

"Hii haiachi gundi, mzee. Na unisamehe kwa ile barua. Ilifaa iandikwe jina langu."

Alibandika kipande kimoja ubavuni mwa piano; Muema akakibandua, akapapasa mbao, akainama kuikagua. "Mtarudi saa kumi na moja, shule ya mwisho ikitoka," alisema mwishowe. "Na ukimaliza nitaangalia moja moja."

Muda huo Bramwel aliutumia nje, kwenye ngazi za bweni walimopewa malazi, akiwa na karatasi ya manila aliyochora vibao kwa kipimo cha kidole chake. Kazi ya rangi ilikuwa imemfundisha kuchora mistari iliyonyooka. Saa kumi na moja alibandika vipande ishirini na viwili juu ya piano, kila kimoja kikiwa na herufi ya nota yake kwa kalamu: d, r, m, na kuendelea mpaka do ya mwisho juu. Kisha akaanza kupiga kama mtoto anayejifunza kusoma, akitamka kila herufi.

Kwaya ilimsubiri. Debra aliwaambia waimbe mstari mmoja mmoja, wasimame pale alipokwama, waendelee alipopata. Wengine walichoka wakakaa chini jukwaani. Zachariah alianza kumtajia herufi kwa mbali, akikosea kwa makusudi.

"Sol, mwalimu. Hapana, la. Hapana, ile nyingine."

"Zachariah, besi ni kazi ya kunyamaza."

"Leo tumenyamaza ya kutosha."

Ilipofika saa kumi na mbili na nusu Muema alizima taa za jukwaa. Wakati huo Bramwel aliweza kuufikisha wimbo mwisho kwa sauti moja ya mkono wa kushoto na sauti mbili za mkono wa kulia, bila mapambo, bila zile ngazi alizopenda kupanda kati ya beti. Ilisikika kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Muema alivitoa vipande vyote ishirini na viwili, akavihesabu.

Asubuhi palitokea tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria. Shule ziliingia moja baada ya nyingine bila nafasi, na Bramwel hakuwa na muda wa kubandika chochote isipokuwa ule ambao kwaya ilikuwa ikipanga mistari. Alipata kubandika vipande vinne, do nne, kisha Debra akainua mikono. Zilizobaki ilibidi azitafute kwa kuhesabu kutoka hapo.

Utangulizi aliupiga sawasawa. Ubeti wa kwanza ulipita. Katika ubeti wa pili, alipofika ile fa iliyompoteza ndani ya basi, mkono ulikanyaga kibao cheupe badala ya cheusi, na sauti mbaya ikatoka ambayo kila mtu ukumbini aliisikia. Bramwel aliondoa mikono. Kwa mistari miwili piano ilikaa kimya, na kwaya ikaendelea peke yake, Debra akiongoza bila kugeuka hata kidogo. Bramwel alitazama utepe, akahesabu, akasubiri mstari wa tatu, akarudi na do ya chini.

Iliwakuta palepale. Hawakuwa wameshuka hata nusu hatua.

Mwamuzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani aliyezungumza bila kupandisha sauti. Mchana, aliposoma maoni yake mbele ya shule zote, alisema kwaya ya Kabuthi inajua mahali inaposimama, kwamba piano ilipoiacha haikuyumba, na kwamba besi zake ni nzuri. "Mpiga piano," aliongeza, "aambiwe piano haiumi." Ukumbi ulicheka, na Bramwel naye alicheka kidogo, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wamegeuka kumtazama. Kabuthi ilikuwa ya tano kati ya shule kumi na moja.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa Bwana Wahome kabla ya kengele ya kwanza.

"Wa tano," alisema mwalimu mkuu. "Mara ya kwanza kufika, wa tano si mbaya. Keti."

Bramwel alikataa kuketi, akasema aliyokuja kusema. Bwana Wahome alimsikiliza hadi mwisho, huku akigeuza kalamu juu ya meza.

"Usingeniambia, ningejua?"

"Usingejua, mwalimu mkuu."

"Debra hajasema neno." Aliiweka kalamu chini. "Nafasi siwezi kukupa hivyo. Bodi ikiniuliza huyu anapiga nini, nitawajibu nini? Itatangazwa Januari. Ukitaka, omba kama wengine, na watakuketisha mbele ya piano kama wengine."

"Sawa."

"Lakini madarasa mawili ya kidato cha kwanza yanataka rangi kabla ya shule kufunguliwa. Hiyo najua unaiweza bila kitufe."

Bramwel alisema anaiweza. Nje alimkuta Debra amesimama kwenye ujia na vitabu vya Biolojia kifuani, kama mtu ambaye hakuwa akimsubiri mtu yeyote.

"Amesemaje?"

"Niombe Januari."

"Basi una miezi mitano," alisema Debra. "Jumanne za muhula ujao uje kama kawaida. Na hicho kitufe, ukikigusa nitakung'oa kidole."

Awiti aliipokea habari kwa subira kuliko alivyotarajia Bramwel. Alimaliza kusuka mistari miwili kabla ya kuuliza, "Sasa hawa wateja nitawaambia nini?"

"Waambie napata kazi shuleni."

"Ya nini?"

"Ya rangi."

"Nitawaambia ya shuleni," alisema Awiti. "Hiyo ingine wajue wenyewe."

Madarasa aliyapaka mwishoni mwa Agosti, rangi ya krimu juu na kahawia chini. Kazi ilichelewa kwa sababu ya mvua, na shule ilipofunguliwa alikuwa bado na ukuta mmoja, ule wa upande wa ujia. Jumanne hiyo alasiri, kabla ya mazoezi, alikuwa juu ya ngazi na ovaroli, akijitahidi kumaliza. Kinanda cha kanisa kilikuwa kimeegemezwa mlangoni, kimefungwa. Wanafunzi walipita wakielekea ukumbini. Wengine walimsalimia, wengine walikuwa na haraka zao. Zachariah alisimama, akaweka mikono mfukoni, akaukagua ukuta kutoka juu hadi chini.

"Mwalimu," alisema, "hapo juu kwa kona umeruka."

Bramwel aliinua macho, akatazama, akaona kwamba kweli palikuwa na kipande hakijapakwa. Alishuka, akaisogeza ngazi, akachovya brashi.